Ukungu wa Plymouth na maji yanayobadili njia

Ukungu huota nyumbani pale vitu vitatu vinapokutana: vijimbegu vyake, chakula chake na maji. Vijimbegu vimo hewani kila mahali, Mombasa kama Minnesota, na hakuna mlango unaovizuia. Chakula ni karatasi iliyofunika ubao wa jipsamu, mbao za kuta, zulia, gundi ya makabati na vumbi la kawaida. Nyumba ya Kimarekani imejengwa kwa chakula hicho kuanzia sakafu hadi paa. Kinachobaki katika uwezo wa mwanadamu ni maji peke yake. Ndiyo maana anayepambana na ukungu kwa brashi na jiki bila kuuliza maji yametoka wapi hujipatia kazi isiyokwisha. Ndiyo maana pia kumlaumu mama wa nyumba kwa uchafu ni kukosea chanzo cha tatizo, mbali na kuwa ni kukosa adabu.

Katika Plymouth, mji ulio magharibi mwa Minneapolis ndani ya Kaunti ya Hennepin, jimboni Minnesota, swali la maji lina ugumu wake. Hayaingii kwa njia moja mwaka mzima. Wakati wa baridi hutoka ndani ya nyumba yenyewe. Theluji inapoyeyuka huja kutoka paani na kutoka ardhini. Majira ya joto yakifika huletwa na hewa. Dawa ya Januari ikitumika Julai huongeza ugonjwa. Jambo hili huwatatiza zaidi watu wa Afrika Mashariki waliohamia vitongoji vya upande huu, yaani Brooklyn Park, Brooklyn Center, New Hope na Plymouth yenyewe, kwa kuwa funzo walilokuja nalo ni moja tu: nyumba ikinuka uvundo, fungua madirisha.

Funzo hilo lilikuwa sahihi kule lilikotoka. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hunywa maji na kuyatoa tena, na upepo wa bahari hupita kati ya ua na madirisha. Chokaa hupumua. Kuta hizo zilianza kuugua pale mafundi walipozipaka saruji juu ya chokaa, unyevu ukafungiwa ndani na chumvi ikabandua lipu vipande vipande. Nyumba ya bati ya bara nayo huvuja mvua, lakini huvuja hewa pia, hivyo hukauka upesi. Uwazi huo ulikuwa kinga ambayo mwenye nyumba hakuilipia chochote.

Nyumba ya Minnesota ni sanduku lililofungwa, na lina sababu ya kufungwa. Wastani wa joto la usiku mwezi Januari katika eneo la Minneapolis ni karibu nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na alfajiri ya tarehe 30 Januari 2019 zilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Ardhi huganda kwa kina kirefu kiasi kwamba kanuni za ujenzi za sehemu hii ya jimbo hutaka msingi ushuke inchi 42, zaidi kidogo ya mita moja. Fundi akishachimba kiasi hicho huona afadhali aendelee kidogo apate ghorofa nzima chini ya ardhi, na hivyo karibu kila nyumba ina besimenti. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 wajenzi walizidi kuziba nyufa na kujaza pamba ya nyuzi za kioo kutani ili kuokoa joto. Plymouth ilikua katika kipindi hichohicho, kutoka wakazi wapatao 31,600 mwaka 1980 hadi karibu 65,900 mwaka 2000. Sehemu kubwa ya nyumba zake ni za zama za kubana hewa, na nyingi zilijengwa kabla wajenzi hawajazoea kufunga mashine ya kubadilisha hewa sambamba na kubana huko.

Januari, basi, maji hutoka kwa wakazi. Familia ya watu wanne, kwa makadirio ya kawaida, hutoa takriban lita 10 za maji kwa siku kwa kupumua, kuoga, kupika na kufua. Maharage yakitokota kwa saa tatu, githeri ikifuata, na nguo zikaanikwa sebuleni kwa kuwa mashine ya kukaushia ya jengo hula sarafu, kiasi hicho hupanda. Mvuke wote huo huelea hadi ukutane na kitu baridi. Hewa yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 huanza kutona ikigusa kitu chenye nyuzi 7 hivi, na kioo cha dirisha usiku wa Januari huwa baridi kuliko hapo. Kioo hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa frijini, maji huteremka kwenye fremu ya mbao, na baada ya wiki chache fremu huwa nyeusi. Baada ya dirisha hufuata pembe ya chumba inayotazama nje, nyuma ya kabati la nguo, na ukuta ulioegemewa na kitanda cha mtoto, mahali ambapo hewa ya joto haifiki. Chumba kinachofungwa mlango ili kuokoa gharama ya gesi hupoa kuliko vingine, na mvuke wa nyumba nzima hukijia.

Kipimo cha unyevu, kifaa kidogo ambacho bei yake haizidi ya chakula cha mtu mmoja mgahawani, kina faida kuliko dawa nyingi za kupuliza. Vipimo vinavyotumika sana hapa vinatokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Minnesota: nje kukiwa na nyuzi kati ya 7 na 12 chini ya sifuri, unyevu wa ndani usizidi asilimia 35; kati ya 18 na 23 chini ya sifuri, usizidi 25; nje kukishuka chini ya nyuzi 29 chini ya sifuri, usizidi 15. Namba hizo huwashangaza wengi, kwa sababu hewa kavu hukereketa koo na kupasua midomo, na watu hukimbilia kununua mashine ya kutoa mvuke. Mashine hiyo ikiwashwa usiku kucha katika chumba cha mtoto mwenye kikohozi, madirisha yakiwa yanatiririka maji, huulisha ukungu uleule unaoweza kuwa unamkohoza.

Dawa ya baridi ni kuutoa mvuke nje unapozaliwa. Feni ya bafuni iwashwe wakati wa kuoga na iachwe kwa nusu saa baadaye. Feni ya jikoni iwashwe kabla sufuria haijachemka. Hapa ipo hila inayopaswa kuchunguzwa: katika nyumba nyingi za kupanga, feni iliyo juu ya jiko haina bomba la kwenda nje. Huvuta mvuke, huupitisha kwenye kichujio cha mafuta na kuurudisha usoni mwa mpishi. Feni ya bafuni nayo hukutwa ikimwaga hewa darini badala ya nje ya paa. Karatasi ya chooni ikiwekwa kwenye wavu wa feni na isishikwe, feni hiyo haivuti. Kufungua dirisha kwa dakika chache nako husaidia wakati huu, kwa sababu hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubeba karibu gramu moja tu ya maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 21 unyevu wake huwa chini ya asilimia 10. Kwa hiyo funzo la pwani linafaa Januari. Gharama yake ni joto linalokwenda na upepo.

Darini kuna tatizo jingine lisiloonekana hadi Machi. Hewa ya joto hupenya kwenye matundu ya nyaya, taa na mabomba, hupanda, na mvuke wake huganda chini ya mbao za paa kama theluji nyembamba. Siku ya kwanza yenye jua la kweli barafu hiyo huyeyuka na dari hudondosha maji ingawa hakuna mvua. Joto hilohilo linalovuja huyeyusha theluji iliyo juu ya paa. Maji huteremka hadi ukingoni penye baridi, huganda tena, hufanya boma, na maji yanayofuata hurudi nyuma chini ya vigae. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalimwaga inchi 90.3 za theluji katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul, karibu sentimita 230, nafasi ya tatu katika kumbukumbu za hapo. Kuvunja barafu kwa shoka ni kuvunja paa. Tiba ni kuziba matundu ya darini kwanza, kisha kuongeza pamba. Wanaoanza na pamba huficha matundu chini yake.

Theluji ikiondoka, maji huhamia chini. Ardhi ya Plymouth ina maziwa kama Medicine Lake, Parkers Lake na Bass Lake, mabwawa mengi madogo, na mahali pengi udongo mzito wa mfinyanzi ulioachwa na barafu ya kale. Maji hayazami upesi katika udongo huo; huegemea ukuta wa besimenti. Nyumba nyingi zina bomba lenye matundu kuzunguka msingi, linaloyapeleka kwenye shimo ambalo pampu yake huyasukuma nje. Umeme ukikatika katikati ya dhoruba, pampu husimama saa ileile inapohitajika, na betri ya akiba ndiyo tofauti kati ya zulia kavu na zulia la kutupwa. Usiku wa tarehe 23 Julai 1987 uwanja wa ndege ulipokea milimita 254 za mvua kwa saa chache, na Juni 2014 ulikuwa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote katika kumbukumbu za jimbo zima. Hata hivyo nyumba nyingi hazihitaji mafuriko kama hayo ili zilowe. Gata lililojaa majani, au bomba la gata linalomwaga futi moja kutoka ukutani, hutosha. Kulisafisha gata, kurefusha bomba lake hadi mita mbili hivi, na kuinua udongo ili uteremke inchi sita katika futi kumi za kwanza ni kazi za Jumamosi moja, na mara nyingi huponya besimenti ambayo kampuni ingeitoza familia maelfu ya dola kwa mfumo mpya wa mifereji. 

Julai ndipo funzo la pwani linapogeuka. Hewa ya majira ya joto hapa huja kutoka Ghuba ya Meksiko ikiwa imejaa maji. Tarehe 19 Julai 2011, huko Moorhead, kiwango cha joto ambacho hewa huanza kutona maji kilifika nyuzi 31 za Selsiasi, rekodi ya Minnesota na kiwango ambacho mtu wa Lamu angeona ni kikali. Hata siku ya kawaida, hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 70 hutona ikigusa kitu chenye nyuzi 21. Sakafu ya zege ya besimenti, iliyolala juu ya ardhi baridi, huwa chini ya hapo. Mkazi anayefungua madirisha ya chini ili “kupitisha hewa” huwa anamimina maji kwenye zulia, masanduku ya karatasi, na magodoro ya wageni yaliyoegemezwa ukutani. Wakati huu madirisha ya besimenti hufungwa na mashine ya kukausha hewa huwashwa, mpira wake ukielekezwa kwenye tundu la sakafuni ili ndoo isijae na mashine ikazima. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linashauri unyevu ukae chini ya asilimia 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50. Zulia juu ya zege tupu ni kosa la kujenga, na kulaza watoto katika besimenti yenye harufu ya udongo ni kosa la kupanga vyumba, hata kama nyumba ina watu wengi na nafasi ni finyu.

Yapo pia maji yanayoingia kutani kimya kimya. Nyumba nyingi za vitongoji vya Minneapolis na Saint Paul zilizojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa lipu ya nje ya saruji juu ya mbao, bila kinga ya kutosha chini ya madirisha. Mvua iliingia, plastiki ya ndani ikazuia ukuta kukauka, na mbao zikaoza huku rangi ikimeremeta. Mji wa Woodbury, upande wa mashariki, ulijulikana kwa balaa hilo. Sheria ya Minnesota humpa mnunuzi wa nyumba mpya dhamana ya miaka 10 kwa kasoro kubwa za ujenzi, lakini uozo wa namna hii huweza kugunduliwa baada ya muda huo kupita. Anayenunua nyumba ya zama hizo yenye lipu ya aina hiyo atafute mkaguzi atakayepima unyevu ndani ya ukuta, kwa sababu ukaguzi wa macho peke yake hauoni chochote.

Kuhusu afya, ushahidi upo, ingawa una mipaka yake, na mipaka hiyo ni muhimu kwa sababu uoga huuza. Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2004, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2009, zilifikia maoni yanayofanana: kuishi katika nyumba yenye unyevu na ukungu kunahusiana na kikohozi, kukoroma kwa kifua, mafua yasiyoisha na kuzidi kwa pumu. Wanaoumia kwanza ni watoto, wenye pumu na wenye mzio. Mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na matibabu ya saratani au na kupandikizwa kiungo anaweza kupata maambukizi halisi ya kuvu mapafuni, na huyo hapaswi kabisa kusafisha ukungu. Wengine wenye afya nzuri huweza kukaa humo miaka bila dalili yoyote, jambo linaloleta ugomvi ndani ya familia: baba haoni tatizo, mtoto anatumia inhela kila usiku. Wote wawili wanasema kweli.

Ukungu mweusi una sifa mbaya kuliko inavyostahili. Sifa hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na watoto wachanga wa Cleveland, Ohio, waliotokwa damu mapafuni mwaka 1993 na 1994, ikadhaniwa kuwa kuvu iitwayo Stachybotrys ndiyo chanzo. Mwaka 2000 CDC, taasisi ya serikali kuu iliyohusika na uchunguzi huo, ilitangaza kuwa ushahidi haukutosha kuthibitisha uhusiano huo. Rangi haisemi ni kuvu gani, na aina ya kuvu haibadilishi kazi inayotakiwa kufanywa. Kwa sababu hiyo Idara ya Afya ya Minnesota haipendekezi kupima hewa katika hali nyingi: ukungu ukionekana au ukinuka, upo, na fedha za kipimo zingetengeneza bomba. Kampuni inayopima na kisha kusafisha kwa bei iliyotokana na kipimo chake yenyewe inastahili kutiliwa shaka.

Usafishaji wenyewe hauna mengi. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujashika. Eneo lisilozidi takriban mita moja ya mraba familia inaweza kulisafisha yenyewe kwa maji, sabuni, glavu, miwani na barakoa ya N95. Vigae, kioo na chuma huoshwa. Jipsamu iliyooza, zulia na godoro hukatwa na kutupwa, kwa maana mizizi ya kuvu imo ndani. Jiki huondoa rangi juu ya jipsamu na kuacha maji yake ndani; ikichanganywa na sabuni yenye amonia hutoa gesi ya sumu. Kupaka rangi juu ya doa ni kuandaa doa la mwakani.

Bima ya nyumba kwa kawaida hulipa bomba likipasuka ghafla, na hukataa maji yanayojipenyeza kidogo kidogo kutoka ardhini. Pampu ya besimenti ikishindwa, huhitajika kifungu cha nyongeza kilicholipiwa mapema. Mafuriko yana bima yake tofauti, chini ya mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968. Wamiliki wengi hulijua hili siku wanayolihitaji.

Mpangaji yuko katika hali nyingine, kwa kuwa paa, gata, feni na ukuta si vyake. Mwenye nyumba akiitwa, jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba wapangaji wanapika sana, wako wengi, wanaoga sana. Jibu kama hilo lilitolewa katika mji wa Rochdale, Uingereza: Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa na wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ukathibitisha kuwa ukungu wa nyumba waliyopangishwa ndio uliomuua. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Shirika lililomiliki nyumba lilikuwa limedhania kwamba chanzo ni mtindo wa maisha wa familia, ikiwemo namna yao ya kuoga. Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 2023 sheria inayojulikana kwa jina la mtoto huyo, inayowawekea wamiliki wa nyumba za umma muda maalumu wa kushughulikia unyevu. Kweli kupika hutoa mvuke, na mpangaji ana wajibu wa kuwasha feni. Lakini feni isiyofika nje haiwezi kuwa kosa la mpishi.

Minnesota haina sheria ya namna hiyo wala kiwango rasmi cha ukungu. Inayo sheria ya jumla, kifungu cha 504B.161, inayomlazimu mwenye nyumba kuiweka nyumba katika hali ya kufaa kukaliwa na kuitengeneza. Tangu 2024 inataka pia joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mpangaji humwandikia mwenye nyumba, na siku 14 zikipita bila matengenezo anaweza kuipeleka kodi mahakamani, kwa Hennepin ni Minneapolis, ili hakimu aamue. Kuizuia kodi tu na kukaa nayo mfukoni ni hatari, kwa kuwa humfungulia mwenye nyumba mlango wa kudai ahame. Plymouth hutaka nyumba za kupangisha ziwe na leseni, hivyo mkaguzi wa mji naye anaweza kuitwa, na HOME Line, shirika lililoanzishwa mwaka 1992, huwapa wapangaji wa jimbo zima ushauri wa kisheria bila malipo. Mwenye nyumba akimfukuza mpangaji au kumpandishia kodi ndani ya siku 90 baada ya malalamiko, ni juu yake kuithibitishia mahakama kuwa si kisasi.

Njia zote hizo huanza na maandishi. Simu haihesabiki, wala maneno ya kwenye ngazi. Barua au barua pepe iandikwe siku doa linapoonekana, iwe na tarehe, iambatane na picha, itaje chumba na maji yanakotoka, na nakala ibaki kwa mpangaji.